Mtembezi Aliyekwisha Kuzikwa

Jina lake sikuwahi kulitumia. Nilipomwuliza mara ya kwanza, alikuwa ameketi katika hoteli ya mama yangu nyuma ya soko la Kakamega, akimenya kiazi kitamu kwa ukucha wa kidole gumba. Hakuinua macho.

"Jina langu liko darasa la nane," akasema. "Linafanya mtihani mwaka huu."

Nilidhani ni mzaha. Mama, aliyekuwa akikoroga uji nyuma ya kaunta, alinikazia macho kama mtu aliyemwona mtoto akichezea kisu. Mzee akaendelea kumenya kiazi chake. Mji mzima ulimwita Mtembezi, basi nami nikamwita hivyo nilipomzungumzia. Nilipozungumza naye nilimwita kuka, kama tunavyowaita babu zetu huku kwetu.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya wanafunzi kukabiliana na polisi, tukarudishwa makwetu bila kuambiwa tungeitwa lini. Nilikuwa nasoma falsafa. Nilikuwa nimeacha kwenda kanisani, nimegombana na mjomba wangu mchungaji mbele ya wageni, na kila aliyenieleza jambo nilimwuliza amejuaje. Mama alivumilia kwa muda, kisha akaniambia kwamba kama kazi yangu ni kuuliza, nimfuate Mtembezi, kwa kuwa yeye pia hana kazi.

Hilo halikuwa kweli kabisa. Alitembeza wageni: walimu wapya, watu wa misheni, watafiti waliokuja kutazama ndege wa msituni. Lakini hata asipokuwa na mgeni alitembea. Kila asubuhi alitoka katika chumba chake cha kupanga amevaa koti la kijivu na kofia ya pama, akauzunguka mji kama mtu aliyefika jana na ambaye kesho ana safari. Alisimama mbele ya duka aliloliona kwa miaka kumi, akalitazama kuanzia bati hadi kizingiti. Aligusa kuta. Siku za mwanzo nilimfuata kwa sababu sikuwa na la kufanya, na pia kwa sababu watu walimpisha njiani kwa namna niliyotaka kuielewa. Hawakumpisha kwa heshima tu. Walimpisha mapema mno, kama unavyompisha mtu aliyebeba maji ya moto.

Kula alikujua. Obusuma, ugali wetu wa mtama, ule mweusi unaoacha vidole vikinukia moshi, aliula kwa mjane mmoja karibu na kituo cha basi, pamoja na mrenda, mboga ya kuteleza, uliopikwa kwa chumvi ya majivu. Mrenda aliupima kwa kuuinua na tonge. Ukikatika upesi alinyamaza, ukivutika hadi usawa wa kidevu alimwita mpishi aje ajionee. Viazi vilivyopondwa na maharagwe alivila kwa mama mmoja tu, na kumbikumbi waliokaangwa aliwanunua kwa mwanamke wa Khwisero aliyekuja baada ya mvua na kutandaza gunia lake kando ya barabara. Aliwala mmoja mmoja. Nilipojaza konzi nikatupia mdomoni, aliniuliza kama nilikuwa na basi la kuwahi.

Kila hoteli ilikuwa na kikombe chake pembeni. Sikugundua hilo mapema. Kwa mama kilikuwa kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, kilichooshwa peke yake na kuanikwa peke yake juu ya dirisha. Nilipotambua, nilikichukua nikanywea chai mbele ya mama ili kumwonyesha kwamba hakuna kitakachonipata. Hakuna kilichonipata ila mafua, ambayo mama hakusahau kuyataja.

Na kuna habari ya firigisi. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma. Hata mgeni mkubwa haigusi asipopewa. Hoteli za mjini ziliiga desturi hiyo, hivyo mzee mwenye mvi akiagiza ingokho, yaani kuku, firigisi huwekwa juu ya sahani yake bila kuombwa. Mtembezi aliisukuma kando kila mara. Siku moja akanisukumia mimi. Nikaila, mimi msichana, mbele ya meza nzima ya wanaume. Mmoja wao aliacha kutafuna.

"Mzee, unaharibu mtoto wa watu," akasema. "Huyu ana boma?"

"Hana," Mtembezi akajibu. "Lakini ako na meno."

Watu walicheka, ila si kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa bado natafuna, nikamwuliza kwa nini yeye haili. Alisema mwenye boma yuko ng'ambo ya mto, na yeye si mwizi.

Kitu kimoja hakukila kabisa: ndizi. Si mbivu, si za kupika, si zile ndogo tamu ambazo hata watoto wachanga wa Kakamega hulishwa. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba hawezi kujua zimetoka wapi. Nilimwambia kwamba hata kuku hajui ametoka wapi. Alinitazama kwa upole uliokuwa karibu na huruma, akabadilisha mazungumzo.

Mama ndiye aliyenieleza, tukichambua majani ya mboga ya tsisaka uani. Mtembezi alikuwa amekwenda Uganda akiwa kijana mwenye mke, akapata kazi katika reli. Kisha nchi ile ikaharibika. Habari zake zikakoma, na mtu mmoja aliyekimbia kutoka huko alisema amemwona kati ya waliotupwa mtoni. Nyumbani kwao wakangoja. Walipochoka kungoja wakamlia. Kwa kuwa hapakuwa na maiti, walifanya kama wazee wa huku walivyofanya tangu zamani. Walikata mgomba wenye urefu wa mtu, wakauvika koti lake, wakaulaza kaburini. Kaka yake alitupa udongo wa kwanza. Watu wakanyoa nywele. Baadaye kaka akamrithi mke, na mtoto wa kwanza waliyempata akapewa jina la marehemu. Kisha, wakati mtoto huyo ameanza kutembea, marehemu akatokea mchana kweupe kwenye njia ya kwenda nyumbani, amebeba begi.

Mtu wa namna hiyo anaweza kurudi, Mama alisema. Aliyetupa udongo wa kwanza ndiye anayeufukua mgomba kwa mikono yake. Kondoo anachinjwa, aliyerudi anaogeshwa, anaingizwa nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mkono mwingine hauwezi kufanya hivyo. Mpaka siku hiyo, aliyezikwa hakanyagi boma, hali kilichopikwa humo, na hana jina, kwa sababu jina limekwisha pewa mtu mwingine.

"Na kaka alikataa?"

"Hiyo muulize mwenyewe," akasema Mama. Alichambua jani moja, akaliweka, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kulikuwa na kosa lililofanyika. Siku ya mazishi mvua ilikuwa inatisha na wachimbaji walikuwa na haraka. Waliuzika mgomba bila kuukata tunguu, ule uvimbe wa chini unaochipua. Ukaota. Sasa kaburi lina shamba dogo la migomba juu yake, na inazaa kuliko mingine yote. Bomani hakuna anayekula ndizi zile. Mke huzikata na kuzileta sokoni pamoja na nyingine.

"Soko lipi?"

"Masoko ni mangapi hapa?"

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimekula ndizi tatu.

Nilijua, bila shaka, kwamba mgomba wenye tunguu huota popote utakapouweka, kaburini au jaani. Nilimweleza mama, nikajieleza mwenyewe. Lakini kwa juma zima nilipita mbele ya mafungu ya ndizi nikiwatazama wauzaji usoni, nikijaribu kukisia yupi ni yeye.

Baada ya hapo matembezi yetu yalibadilika, ingawa yeye hakubadilika. Alikuwa mpenda michoro. Kakamega ya siku zile ilijaa picha za mafundi wa mabango: kinyozi mwenye vichwa sita vya wanaume waliotazama upande mmoja, ng'ombe wa bucha aliyetabasamu akiwa amekatwa mapaja, ukuta wa baa uliochorwa magorofa ya Nairobi na twiga akipita katikati. Mtembezi alizichambua kwa makini, akiweka uso karibu hadi pua iguse rangi. Alisema mchoraji wa ng'ombe wa bucha hakuwahi kufuga, kwa maana ng'ombe wake alikuwa na macho ya mtu anayedaiwa. Fundi aliyechora ukuta wa hoteli ya mama alikuwa rafiki yake. Ulikuwa mchoro mkubwa wa mto Isiukhu, wanawake wakiteka maji na vijana wakioga, na sura nyingi zilikuwa za watu wa mjini. Nikamwuliza fundi mbona Mtembezi hayumo.

"Nitamchora akikufa vizuri," fundi akasema, akisafisha brashi yake. "Saa hii sijui nimweke upande gani wa maji."

Mtembezi alicheka kuliko sote.

Hapo ndipo aliponichanganya. Hakuwa mtu wa kuogopa mizimu. Alinipeleka Ilesi kuwatazama wafinyanzi, na mfinyanzi mmoja alipomkataza kugusa vyungu ambavyo bado havijachomwa, akidai vitapasuka, aliondoa mkono bila kubisha, kisha tukiwa njiani akasema kwamba vyungu vya mama yule vinapasuka kwa sababu hachuji udongo. Alinipeleka kwenye lile jiwe refu ambalo watu husema linalia, maji yakiteremka shingoni mwake mwaka mzima. Alisimama ameligeuzia mgongo.

"Hili jiwe halilii," akasema. "Ni maji tu. Sisi ndio tunapendanga kuona kitu kikilia."

Nilifurahi, nikadhani nimepata mwenzangu. Nikamwambia basi na lile kaburi ni mgomba tu. Akasema ndiyo, ni mgomba tu. Nikasema kwa hiyo angeweza kuvuka mto kesho. Akasema hapana. Nikamwuliza kama anaamini au haamini, achague. Aliniuliza kama mimi, ambaye siamini bendera, naweza kuikojolea mbele ya polisi. Huo ulikuwa mtindo wake wa kujibu, na ulinikasirisha kwa sababu sikuweza kuamua kama ni hoja.

Kuhusu uchaguzi alikuwa na mzaha wake. Alipiga kura kila mara, akijipanga mapema na kitambulisho mkononi. Karani mmoja aliyemfahamu aliwahi kumwambia kwamba marehemu hawaruhusiwi. Mtembezi alimjibu, watu wote wakisikia, kwamba nchi hii wafu wengi wanapiganga kura, ila yeye angalau huja mwenyewe. Serikali ilimhesabu hai. Chifu alimwambia wazi kwamba bila cheti cha kifo yeye ni mtu kama watu wengine, arudi kwao. Alimshukuru chifu, akarudi chumbani kwake.

Alikuwa pia mwongo, katika mambo madogo. Aliwaambia wageni kwamba jengo fulani lilijengwa na Wareno, na kwamba samaki wa Isiukhu hufunga macho wakivuliwa. Nilipomfichua mbele ya mtafiti mmoja wa ndege, alinong'ona kwamba mgeni hakulipia mawe, amelipia safari. Alijipenda. Aliipiga kofia yake brashi kila asubuhi na kujitazama katika vioo vya magari yaliyoegeshwa. Siku moja niliona anavyojitazama: si kama mtu anayetengeneza ukosi, bali kama anayehakikisha.

Siku ya jina ndiyo sijaweza kuieleza. Tulikuwa kando ya uzio wa soko saa nne asubuhi, jua kali, watu tele. Ghafla alinishika kiwiko, akasimama nyuma yangu, karibu sana hadi nilisikia pumzi yake.

"Kaa hapo hapo, mukhana," akasema, akiniita binti kwa lugha ya kwetu. "Jina langu linapita."

Upande wa pili wa barabara alipita kijana mwenye sare ya shule, amebeba jembe jipya. Sikuwahi kumwona, lakini ningemjua popote. Alikuwa na mwendo wa Mtembezi, ule wa kutua kisigino kwanza na kuchelewesha mguu wa kushoto, kama anayeupima udongo. Na kijana huyo hakuwa mwanawe, wala hakuwa amewahi kukaa naye hata saa moja. Nilijiambia kwamba ni mtoto wa kaka, damu moja, mifupa ile ile, na bado najiambia hivyo. Lakini alipofika usawa wetu alisimama, akajishika shingo kwa nyuma, akageuka polepole. Alitazama mahali tuliposimama. Alinitazama mimi. Kisha akaenda zake. Nilipogeuka, Mtembezi alikuwa amefumba macho, midomo imekauka, na mkono wake juu ya kiwiko changu ulikuwa baridi katika joto lile.

Mto ndio uliokuwa mwisho wa kila matembezi. Isiukhu si mto mkubwa. Wakati wa kiangazi unavukwa kwa magogo. Tulishuka hadi penye mwamba mpana, tukaketi. Ng'ambo, juu ya mteremko, lilionekana boma: nyumba ya bati, zizi, mistari ya mahindi, na pembeni migomba mirefu iliyosongamana, yenye kijani kizito kuliko kitu chochote kilichoizunguka. Ilitikisika hata mingine ilipotulia. Nilisema ni kwa sababu ni mirefu, inashika upepo wa juu.

Hapo ndipo aliponiambia habari ya siku aliyorudi. Alimkuta kaka yake langoni. Kaka alilia, kisha akachora mstari ardhini kwa panga na kumwambia kama ni yeye kweli, asivuke. Mtembezi akauliza nani yumo ndani. Kaka akajibu, "Mke wangu." Walisimama hivyo, mmoja huku na mwingine kule. Kutoka ndani alisikia mtoto akiitwa aje kula, akiitwa kwa jina lake mwenyewe. Akaokota begi lake.

"Sikumlaumu," akasema. "Akinifukua mimi, yeye anamzika nani?"

Nikamwambia basi mambo yamekwisha, ana mji, ana chakula, ana marafiki. Kwa nini anakuja hapa kila jioni. Hapo alivua kofia, jambo alilolifanya mara chache, na kunieleza kilichomkosesha usingizi. Hakutaka mke, hakutaka shamba. Alikuwa amezeeka na kifua kilimsumbua. Alijiuliza atazikwa wapi. Kwetu mtu huzikwa kwao, na kwao kulikuwa na kaburi lake lililokwisha fungwa. Mjini kulikuwa na uwanja wa makaburi wa baraza la mji, ambako waokotwao barabarani hufukiwa bila mtu wa kulia.

"Mtu mmoja hawezi kuzikwa mara mbili," akasema. "Mahali pangu pana mtu. Kaka akifa kabla hajapafungua, mimi ni wa baraza."

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na sikuwahi kufikiria nitazikwa wapi. Nikaona jambo hili linaweza kutatuliwa na mtu mwenye akili kwa asubuhi moja. Kesho yake nikavuka mto bila kumwambia.

Kaka alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kikohozi. Alinipa kiti kivulini, akaniuliza habari za mama na bei ya sukari mjini. Mke wake alikuwa akipura maharagwe upande wa pili wa ua. Aliniitikia salamu bila kusimama, na sikusikia tena fimbo yake ikipiga. Nilieleza mambo yangu kwa mpangilio. Nilianza na tunguu la mgomba. Kaka alisikiliza hadi mwisho.

"Umesoma kilimo?" akauliza.

Nilisema falsafa.

"Hiyo ya mgomba kuota tunajua, mama," akasema kwa upole, akiniita mama kama wazee wa kwetu wanavyowaita wasichana. "Sisi ni wakulima. Ndugu yangu simuogopi. Lakini nikitoa ule udongo, huyu mama hapa ni bibi ya nani? Watoto wangu sita ni wa nani? Huyo mwenye jina, nitamwitaje kesho asubuhi?"

Nilikuja kushindana na mzimu, nikakuta watu. Kaka alinisindikiza hadi penye migomba, labda kwa makusudi. Chini yake palikuwa pamefagiwa. Palikuwa na ubaridi, na ndizi mbivu zilining'inia karibu na uso wangu, nono, zikitoa harufu ya utamu uliopita kiasi. Kaka alikohoa, akatazama ng'ambo. Pale kwenye mwamba wetu, mchana ule, alikuwa amesimama mtu mwenye koti la kijivu. Sikuwa nimemwambia ninaenda. Mbwa wa boma, ambaye alikuwa amenibwekea mimi kwa bidii, alimtazama mtu yule wa ng'ambo, akalala chini akaweka kidevu juu ya miguu.

Niliporudi kwake, hakuniuliza kitu juu ya kaka. Aliuliza kama niliona kilichokuwa jikoni. Nikasema sikuona.

"Ni kunde na maziwa," akasema. "Kila Jumanne anapikanga kunde."

Chuo kilifunguliwa. Nikamaliza, nikapata kazi ya kuhariri katika gazeti moja Nairobi, nikawa nakuja nyumbani kwa nadra, siku mbili au tatu. Tulionana kwa harakaharaka. Alikuwa akiniuliza ninachokula huko, nikimjibu alisikitika.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, mwezi wa Desemba, nilishuka kwenye basi nikamkuta mama amefunga hoteli mapema. Kaka wa Mtembezi alikuwa amefariki na alizikwa siku hiyo. Mtembezi hakuwa ameonekana katika hoteli yoyote tangu habari zifike, na kikombe chake kilikuwa pale dirishani kimeingia vumbi. Sikubadilisha viatu. Nilishuka mtoni.

Alikuwa penye mwamba, amesimama. Koti lilikuwa limemzidi mwili. Ng'ambo ngoma za isukuti zilikuwa zikipigwa, ua umejaa watu, moshi wa vyungu ukipanda kwa mistari mingi. Nilimsalimia. Alinijibu bila kugeuka.

"Ameenda na mikono yake," akasema.

Nilijua anazungumzia mikono gani. Nilitaka kumwambia kwamba mikono ni mikono, kwamba mimi mwenyewe naweza kuchukua jembe. Tulisimama hivyo hadi mwanamke mmoja alipotoka katika ule umati, akateremka peke yake kuelekea majini. Alikuwa amevaa koti la mwanamume, la yule aliyekufa, kama wajane wa kwetu wafanyavyo. Alikuwa ni yeye, mwenye fimbo ya maharagwe, sasa mzee. Alisimama penye ncha ya magogo upande wake. Katika miaka yote ile hawakuwa wamezungumza.

"Mgeni," akaita.

Mtembezi alivua kofia.

"Watu wametoka Butali, wengine wametoka Likuyani. Wengine hata hatujui majina yao. Wote wanakula. Wewe unasimama huko kwa nini?"

"Mimi siwezi kuingia nyumba hiyo," akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mwenye nyumba ndiye hawezi. Mgeni anaweza. Vuka."

Alivuka. Nilimfuata nyuma, magogo yakiwa na utelezi, nikiona jinsi visigino vyake vilivyotua. Tulipofika uani ngoma zilikatika. Mzee mmoja wa ukoo aliinuka, akafungua mdomo, na mjane akamwambia kwamba huyu ni mgeni wake. Mzee alibaki amesimama, kisha akakaa. Kijana yule mwenye jina, sasa mwanamume, alileta kiti. Alikishikilia kidogo kabla ya kukiachia. Hawakutazamana.

Mtembezi akaletewa maji ya kunawa, akaletewa obusuma na nyama. Alikula kama alivyokula siku zote, polepole, na watu waliomzunguka walikula wakiinamia sahani zao. Alipomaliza alishukuru, akasema kwa adabu kwamba angependa kuonyeshwa boma, kama si usumbufu. Mjane akasema si usumbufu.

Wakatembea, mimi nikiwa hatua chache nyuma yao. Alimwonyesha zizi. Akauliza ni la ng'ombe wangapi. Alimwonyesha jiko, ghala, mti wa mpera, kaburi jipya lenye udongo mwekundu. Akauliza kila kitu ambacho wageni wake walimwuliza yeye: kilijengwa lini, na nani, kwa nini mlango unatazama huku. Akajibiwa kila swali. Kisha wakafika penye migomba.

"Na hapa?"

"Hapa amelala bwana yangu wa kwanza."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mwanamke alifikiri. "Alikuwa anachelewanga," akasema.

Mtembezi alitikisa kichwa kukubali. Majani yalikuwa yametulia. Nilisikia ngoma zikianza tena nyuma yetu, taratibu.

"Kaburi limejaa?" akauliza.

"Halijajaa. Tuliweka mgomba tu. Nafasi ya mtu iko."

"Na nani atafungua? Mkono uliofunga umeenda."

"Lile koti walilolizika nilishona mimi. Udongo alitupa yeye, lakini koti lilitoka kwangu, na watu hawajawahi kuniuliza." Alikuwa akitazama chini, mahali palipofagiwa. "Siku ikifika, wanaume wakikataa, nitachimba mwenyewe. Waambie watu wa baraza la mji wasisumbuke."

Mtembezi akavaa kofia yake, akamshukuru kama mgeni anavyomshukuru mwenyeji, kwa mikono miwili, na kwa kuwa mabati ya Kakamega yalikuwa yakiwaka wazi ng'ambo ya mto, karibu kiasi cha kuhesabika, akamwuliza njia ya kurudi mjini ni ipi. Mwanamke akanyoosha mkono. Akamweleza njia yote, polepole, mteremko kwa mteremko na kona kwa kona, na alipofika mwisho akaanza tena.